Wiki Mbili Zisizo na Mtoto

Zamani mtoto alikuja siku aliyoitaka mwenyewe, na wanaume wa nyumba walijua kwa kusikia kilio. Siku hizi hupangiwa tarehe kabla hajaota kucha, na tarehe hiyo hutajwa mezani mbele ya baba mkwe aliye katikati ya kutafuna.

Baba mkwe mwenyewe mtaa mzima ulimwita Kamusi. Jina hilo alilipata katika kiwanda cha kuchapa vitabu, enzi za herufi za madini ya risasi, alipokuwa mpanga herufi. Kazi hiyo imekufa, na ukiwaeleza vijana wanakutazama kama unawasimulia ndoto. Mpanga herufi alisimama mbele ya kasha lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake, akaziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume mpaka zikawa neno, neno likawa mstari, mstari ukawa ukurasa. Jioni alitoka vidole vyeusi na mgongo umekakamaa. Lakini alitoka amesoma. Kamusi aliingia kiwandani akiwa na darasa la nne tu, na kila alichokijua baada ya hapo alikijua kwa kukipanga: sheria za mirathi, magonjwa ya ng'ombe, safari za mwezini, namna ya kuhifadhi mahindi, hotuba za watu ambao sasa hakuna anayewakumbuka.

Ubaya wa elimu ile ni kwamba ilimjia kwa kurasa. Kitabu kiligawiwa wapangaji watatu au wanne ili kazi iende haraka, na kila mmoja alipanga kurasa zake bila kuona za mwenzake. Kwa hiyo Kamusi alijua dalili zote za homa ya ng'ombe, ila dawa yake ilikuwa kwa jamaa wa meza ya dirishani. Alijua mfalme fulani alivyokipata kiti, hakujua alivyokipoteza. Wenzake walimcheka: "Wewe bwana ni kitabu kilicholiwa na panya!" Naye alicheka. Siku zile mtu alitaniwa akacheka, kwa sababu aliyemtania alikuwa amesimama ubavuni mwake, na vidole vyake vilikuwa vyeusi vilevile.

Kisha zikaja kompyuta. Makasha yaliuzwa kwa kilo, kama vyuma chakavu. Miaka ya mwanzo Kamusi aliketi kwenye benchi la kinyozi, ng'ambo ya barabara, na watu walimpelekea maswali: neno hili maana yake nini, nchi ile iko upande gani, barua kwa mkurugenzi inaanzaje. Alijibu kwa kirefu, mguu mmoja juu ya mwingine. Halafu watu wakapata simu zenye majibu yote, na maswali yakapungua mpaka yakaisha. Hakuna aliyemfukuza kwenye benchi. Waliacha tu kumuuliza. Mkewe alifariki katika miaka hiyohiyo, na tangu hapo kulikuwa na siku ambazo sauti yake mwenyewe aliisikia mara ya kwanza jioni, anapomjibu mtu salamu.

Aliyebaki naye ni mwanawe wa pekee, dereva wa lori la masafa marefu, na mke wa dereva huyo. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, dirisha la sebuleni likitazama barabara. Dereva alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Mara wiki mbili nje, mara mwezi. Mkewe alisuka nywele katika saluni mtaa wa pili. Walikuwa wameoana mwaka wa nne bila mtoto. Kamusi hakuwahi kuuliza, maana wanaume wa rika lake hawakuulizana mambo hayo, ila kila mara mkaza mwana alipokataa chai asubuhi alimtazama kwa pembe ya jicho, akatumaini, kisha akaendelea na mkate wake. Alitaka mjukuu kuliko alivyotaka kitu chochote kilichobaki duniani. Alikuwa amefikiri sana atamfundisha nini. Mtoto mdogo huuliza maswali, na mtoto wa miaka mitatu hana simu.

Mwisho wa mwaka ule lori la dereva lilikwama mpakani. Hati za mzigo zilikuwa na kasoro, ofisi zikafungwa kwa sikukuu, zikafunguliwa, mwenye muhuri akawa likizo. Dereva alilala ndani ya lori mwezi mzima na zaidi, akipiga simu za kulalamika. Nyumbani wakabaki wawili, baba mkwe na mkaza mwana.

Zingeweza kuwa siku nzito, lakini hazikuwa. Mkaza mwana aliporudi kutoka saluni alivua viatu mlangoni, akaingia jikoni akisema, "Haya Baba, leo neno gani?" Alikuwa amemsikia kinyozi akimtania mzee hivyo, akaligeuza likawa la nyumbani. Naye Kamusi, aliyejifanya hajali, alikuwa ameshalitafuta neno tangu mchana.

"Leo nakupa dhifa."

"Hilo nalijua. Ni karamu. Nipe gumu."

"Ukilijua kwa nini hujaniandalia?"

"Dhifa ya mchicha unaitaka? Basi sogeza kiti."

Walicheka. Alimwambia mambo ya kiwandani, naye akamwambia ya saluni: nani kaomba kusukwa kwa mkopo, nani kalala kwenye kiti mdomo wazi. Mvua ikinyesha mkaza mwana alisindikizwa mpaka barazani na fundi simu mwenye kibanda jirani na saluni, kijana mrefu mwenye mwavuli mkubwa wa matangazo. Kijana aliamkia kwa heshima, "Shikamoo mzee," akarudi zake. Kamusi aliitikia bila kufikiri lolote. Dereva alirudi tarehe kumi na mbili mwezi wa kwanza, amekonda, ndevu zimemjaa, na nyumba ikawa ya watatu tena.

Ilipofika mwezi wa nne, Jumapili mchana, walikuwa wanakula wote. Dereva aliweka kijiko chini.

"Baba, usije ukasema hukuambiwa. Utakuwa babu."

Kamusi aliacha kutafuna.

"Jana nilikwenda kliniki," mkaza mwana akasema, macho kwenye sahani, akitabasamu. "Wamesema tarehe kumi, mwezi wa kumi."

"Kumi kumi!" dereva akadakia. "Hata mimi na kichwa changu hiki sitaisahau."

"Kichwa chako kinasahau hata chumvi ukitumwa."

Kamusi alitaka kusema jambo kubwa, halikuja. Alisema, "Mungu akulinde, mama," akanyanyuka, akaenda chumbani kwake kufuta macho. Na alipokwisha kuyafuta, furaha ikiwa bado imemkaba, alitazama kalenda ya duka la vifaa iliyotundikwa ukutani, akaanza kuhesabu. Hakuhesabu kwa ubaya. Alihesabu kama mtu anavyokwenda kuutazama mti alioupanda.

Alikumbuka kijitabu cha akina mama alichopata kukipanga kiwandani. Ukurasa wake ulisema, na aliuona mstari ule kwa jicho la moyo, herufi zimegeuka: mimba huchukua wiki arobaini. Akaanza tarehe kumi mwezi wa kumi akarudi nyuma, wiki baada ya wiki, kidole kikipanda juu ya karatasi. Kilisimama juma la kwanza la mwezi wa kwanza.

Akadhani amekosea. Akarudia. Kidole kikasimama palepale. Akajaribu njia ya watu wote, miezi tisa, kumi hadi kumi. Ikampa tarehe kumi mwezi wa kwanza, na hapo pia mwanawe alikuwa mpakani, analala juu ya kiti cha lori.

Aliketi kitandani. Sebuleni walikuwa wanacheka.

Enzi za mkewe jambo hili lisingefika popote. Kwanza tarehe asingeisikia. Wanawake walijua, walinyamaza, na mwanamume aliyeuliza aliambiwa aende akatafute kuni. Na lau angeisikia, akahesabu, akapeleka hesabu yake kitandani, mkewe angesonya, angesema, "Mambo ya wanawake hayo, wewe yanakuhusu nini? Lala." Naye angelala. Watu wanaosifu kila kitu kujulikana hawajafikiria nyumba ngapi zilisimama kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusonya. Kamusi hakuwa na mtu huyo. Siku ya pili alikwenda kwenye benchi la kinyozi amebeba jambo lake, akakaa mpaka jua likahama ukuta. Kinyozi alikuwa ananyoa huku akitazama mpira kwenye simu.

"Eti," Kamusi akasema mwishowe, "mwanamke hubeba mimba muda gani?"

"Ah, Kamusi! Wewe ndiye wa kuniuliza mimi? Ngoja. Ngoja... goli! Wameliingiza!"

Akarudi nyumbani.

Wiki mbili alilibeba. Mkaza mwana alipouliza, "Leo neno gani?" alijibu kwamba kichwa kinamuuma. Alianza kuuona mwavuli. Kila alipofumba macho aliuona, mkubwa, wa rangi mbili, na watu wawili chini yake. Siku moja fundi simu alipita barabarani akamwamkia, naye hakuitika. Lililokuwa hesabu likapata sura ya mtu.

Alimwambia mwanawe asubuhi moja, dereva akiwa uani anakaza boliti za sanduku la vifaa vyake.

"Ile safari ya mpakani ulirudi lini vile?"

"Tarehe kumi na mbili. Kwani?"

"Nauliza tu."

Dereva aliacha spana. Alimjua baba yake. Mtu huyu hakuwa wa kuuliza tu. "Baba, sema."

"Mimi sisemi. Wiki arobaini ndizo zinasema. Rudisha kutoka hiyo kumi kumi yenu uone unafika wapi."

Dereva hakuhesabu. Alimtazama baba yake kama mtu aliyepigwa na jirani aliyemkaribisha mwenyewe. Halafu akahesabu kwa vidole, na vidole vikasimama. Mkewe alitokea mlangoni amebeba beseni la nguo. Alikuwa amesikia, maana ua wenyewe ulikuwa mdogo, na mzee hakujua kunong'ona. Sauti ya kiwandani haimtoki mtu.

Hakumtazama mumewe. Alimtazama mzee.

"Baba. Hizo wiki nilikuwa na nani humu ndani?"

Kamusi akalitazama sanduku la vifaa.

"Si nilikuwa na wewe? Si tulikuwa tunakula wote, wewe hapo, mimi hapa? Nilitoka lini ukanikosa?"

"Mimi nasema hesabu tu, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Aliliweka beseni chini taratibu, bila kishindo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda kwa dada yake na begi moja. Dereva alikaa juu ya sanduku la vifaa mpaka mchana. Hakumlaumu baba yake wala hakumfuata mkewe, na hilo la pili mkewe hakuja kumsamehe kwa urahisi.

Siku tatu baadaye dereva alivaa shati safi akaenda kliniki peke yake. Aliporudi alimkuta baba yake sebuleni, akakaa mbele yake kwenye stuli, magoti yakikaribia kugusana.

"Nimemwona nesi," akasema. "Nimemuuliza."

"Enhe."

"Anasema wao hawahesabu tangu siku mimba ilipoingia. Siku hiyo nani anaijua? Wanaanza..." Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, lakini alikuwa mbele ya baba yake. "Wanaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hiyo ndiyo mwanamke anaikumbuka. Mimba yenyewe inaingia kama wiki mbili baada ya hapo. Kwa hiyo katika zile arobaini, mbili za mwanzo hazina mtoto. Ukitaka kujua mimba iliingia lini unarudisha thelathini na nane. Na nayo ni makadirio, anasema; siku kadhaa huku, siku kadhaa kule."

Kamusi aliinamisha kichwa. Thelathini na nane. Hakuhitaji kalenda. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kwanza, mwanawe amesharudi siku tano nzima, amenyoa ndevu, anakula kwa watu wawili, na nyumba nzima ikinukia sabuni na kicheko. Akaelewa pia ni wapi palipokatika. Ukurasa wake uliishia kwenye wiki arobaini. Zinahesabiwa tangu lini, hilo lilikuwa ukurasa uliofuata, na ukurasa uliofuata aliupanga jamaa wa dirishani, ambaye sasa ni marehemu.

Hapo palikuwa na nafasi. Mwanawe alikuwa amekaa mbele yake akiingoja. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na kati ya maneno yote aliyoyaokota kwa vidole vyake hakuna aliloligusa mara nyingi zaidi. Lilikuwamo katika kila tangazo ambalo gazeti lililokosea liliwataka wasomaji radhi. Lakini mtu aliyeishi miaka mingi kwa kujua hajui kushuka kutoka huko. Kamusi aliinua uso akasema:

"Sasa hiyo ni hesabu gani? Unaanzaje kuhesabu kitu ambacho hakipo? Wiki mbili za hewa! Enzi zetu chapa kama hiyo ingerudishwa mezani."

Dereva alisogeza stuli nyuma.

"Baba, mimi nilikuja nikidhani utasema neno jingine."

"Nasema hesabu yao ina kasoro."

"Sawa, mzee," dereva akasema, akainuka. Hakuwahi kumwita mzee ndani ya nyumba ile. Mzee ni jina la mtu unayempisha njiani.

Mkaza mwana alimrudia mumewe baada ya kuombwa sana, ila si katika nyumba ile. Dereva alipanga vyumba viwili upande wa pili wa mji. Alikuja mara mbili kuchukua vitu, akaweka unga na mafuta jikoni bila kuambiwa, akauliza afya, akaondoka. Kamusi alijua kwamba dereva angekuja zaidi kama angesema lile neno, na kila mara alilipanga kichwani tangu asubuhi, herufi kwa herufi. Mlango ulipogongwa alizungumza habari za bomba linalovuja.

Mwezi wa kumi ulifika. Tarehe kumi alivaa kanzu yake nzuri akakaa dirishani, ingawa alijua kwamba hakuna atakayekuja. Hakuna aliyekuja. Siku chache baadaye kinyozi alivuka barabara, mashine bado mkononi.

"Hongera Kamusi! Mjukuu wa kiume! Mwanao kapita kwangu kunyoa, kaniambia. Au hukuwa na habari?"

"Ninayo," Kamusi akasema.

"Wanasema pua ni yako ile ile, imekaa kama kiatu. Pole yake mtoto!"

Kamusi alicheka ili kinyozi aondoke.

Walikuja mara moja, mwezi wa kumi na mbili, kuchukua kabati. Lilikuwa la mkaza mwana, alilopewa na dada yake alipoolewa, na dereva alikuwa ameazima kigari cha kubebea mizigo. Alikuja na mbeba mizigo mmoja, wakaingia ndani, wakaanza kulizungusha kabati ili lipite mlangoni, wakibishana lielekee kushoto au kulia. Kamusi alisimama barazani, hajui mikono aiweke wapi. Ndipo alipoona kwamba kwenye kiti cha mbele cha gari kuna mtu.

Alishuka ngazi. Kioo cha gari kilikuwa wazi. Mkaza mwana alikuwa amenenepa kidogo usoni, na kifuani amemlaza mtoto, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe dhidi ya jua.

"Shikamoo, Baba," akasema. Hakutabasamu, lakini alisema Baba.

"Marahaba."

Ndani kabati liligonga ukuta na mbeba mizigo akatukana. Mkaza mwana alisita, halafu kwa ncha ya vidole viwili akakifunua kitambaa. Mtoto alikuwa amelala. Kamusi aliona sikio, shavu, na ile pua. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa mlango. Alisikia harufu ya maziwa. Lile neno likapanda, likafika kwenye meno kabisa. Lakini lilikuwa na miezi minane halijatamkwa, na mbele yake kulikuwa na mengine mengi mepesi, ya babu yeyote: anaitwa nani, ananyonya vizuri, analala usiku. Likatoka la kwanza kufika.

"Alizaliwa tarehe ngapi?"

Aliuliza kwa mapenzi. Alitaka siku ya kuikumbuka, basi. Aliona uso wa mkaza mwana ukifunga kabla hajamaliza, naye akataka kulirudisha, akanyoosha mkono kama kuokota kitu kilichoanguka.

"Sikuwa na maana..."

Mkaza mwana alikishusha kitambaa. Alizungusha kishikio cha kupandishia kioo kwa mkono uliokuwa huru, kwa shida, kwa sababu ya mtoto, na kioo kikapanda kidogo kidogo mpaka juu. Katika kioo Kamusi akajiona mwenyewe, mkono bado umenyooshwa.

Kabati lilitoka. Lilifungwa kamba. Dereva alikuja akamshika baba yake mkono, mkono wa baridi wa mtu mwenye haraka, akasema kuna unga jikoni. Akaingia upande wake, akamtazama mkewe, akamtazama baba yake kupitia kioo, hakuuliza kitu. Gari likawaka. Kinyozi, ng'ambo, aliinua mkono kuwapungia. Gari lilipofika kwenye kona lilisubiri malori mawili yapite, taa ya nyuma ikipepesa, na kupitia dirisha la nyuma, juu ya kabati, palionekana kipande cha kitambaa cheupe begani mwa mama. Kisha barabara ikawa wazi, wakapinda.